Siku Niliyokalia Kiti cha Mbele Kwenye Mtihani wa Watunza Seva

Ilikuwa mwaka ule tuliokula ugali wa muhogo na mtama kuanzia Januari mpaka watu wakasahau sembe ina rangi gani, kwa sababu mahindi yalikauka yakiwa yamefika magotini, na hata wale wa mjini waliozoea unga mweupe walipanda huku kwetu Itiryo na ndoo zao kutuomba unga mweusi, na mboga ilikuwa dagaa, kesho dagaa, na Jumapili dagaa wenye karanga. Mwaka huo ndio nilioaibika mbele ya watu wenye suti. Nasema mwenyewe kabisa kwamba niliaibika, maana habari hii inasimuliwa kila siku pale kwenye mashine ya kusaga na kila anayeisimulia anaongeza chumvi yake, wengine wanasema nilikamatwa na polisi, wengine wanasema niliharibu kompyuta ya serikali. Sikukamatwa. Kompyuta sikugusa. Nilikaa tu kwenye kiti.

Mimi naitwa Bhoke. Nimezaa tisa, nimezika wawili, na wajukuu nimeacha kuwahesabu. Shule nilifika darasa la pili nikatolewa kwenda kuchunga, halafu nikiwa tayari na watoto watatu ikaja ile elimu ya watu wazima, tukasomea kwenye ghala la ushirika, akina mama thelathini, tukisoma kwa sauti pamoja mpaka panya wa mle ghalani nao wakajua silabi. Kwa hiyo nasoma na ninaandika. Ila kusoma kimya sijafundishwa mpaka leo, na macho yangu yanataka herufi ziwe kubwa kama maharage (mkumbuke hayo mawili, ndiyo yaliyoniua).

Mjukuu wangu, mtoto wa mwanangu wa kwanza, naye ni Bhoke, amepewa jina langu. Kazi yake ni kutunza seva. Seva ni kompyuta kubwa isiyokaa mezani kwa mtu, inakaa chumbani peke yake inapulizwa na feni kama mgonjwa, na ndani yake kuna mambo ya hospitali, ya shule, ya maji, kila kitu. Sasa hizo seva zinaendeshwa na programu, na zipo programu za kununua ambazo mwenyewe hakuonyeshi ndani, na zipo zinazoitwa huria, ambazo yeyote anachukua, anafungua, anaona zilivyotengenezwa, anarekebisha na kumgawia mwingine. Bhoke aliponieleza nikamwambia hiyo ni kama mbegu yangu ya mtama, nimegawa Itiryo nzima na hakuna aliyenipigia magoti. Akasema ndiyo hivyo hivyo, Bibi.

Shida yao ilikuwa hivi. Vijana wengi wanaotunza hizo seva za huria wamejifunza wenyewe, hawana karatasi. Anayetaka kuajiri anauliza karatasi. Kwa hiyo Bhoke na wenzake wakakaa kikao juu ya kikao kutunga cheti, yaani mtihani wa nchi nzima, ili anayeshinda aonekane kweli anajua kazi. Waliwauliza watunza seva kila wanachofanya tangu asubuhi mpaka jioni, wakakiandika, wakakigeuza kuwa maswali. Sasa yakabaki majaribio. Wenzake walitaka majaribio yafanyike Dar au Dodoma, Bhoke akang'ang'ania yafanyike Tarime, akawaambia kwetu wapo wanaojua na hakuna anayewaona, na wakuu wakamjibu sawa, tutakuja, ila yakiharibika huko kwenu tunayahamisha na wewe unatoka kwenye kamati. Hilo ndilo lililokuwa mezani. Nilikuwa nalijua. Msiseme baadaye kwamba Bibi hakuambiwa.

Akaja nyumbani siku moja, akakaa jikoni, akaanza kuzunguka kwa maneno.

"Bibi, nahitaji mtu asiyejua kitu."

"Kijiji kizima hiki hapa."

"Asiyejua kompyuta, lakini anasoma na kuandika, na haogopi watu."

"Hapo umebaki na mimi."

"Ndiyo maana nimekuja."

Nikamuuliza mtihani wa wanaojua unamtafutia nini asiyejua. Akasema mtihani ukitaka kuupima lazima umtie mmoja asiyejua kabisa, maana huyo akishinda ujue maswali ni mabovu, yanajibika kwa kubahatisha.

"Kwa hiyo kazi yangu ni nini?"

"Kufeli, Bibi."

"Kufeli?"

"Kufeli vizuri. Unakaa kona ya nyuma, unajaza unavyoona, huongei na mtu, unatoka."

Katika maisha yangu nimeombwa mambo mengi, kuzalisha wanawake, kusuluhisha ndoa, kutoa fahali, lakini kufeli sikuwahi kuombwa, na kidogo nikataka kukataa, lakini mtoto ana jina langu, nikasema haya.

Siku ilipofika nikavaa kitenge kipya, kile cha bluu nilichoshonewa kwa harusi ya binti yangu Robi (huyo Robi mumkumbuke pia), nikajifunga na kilemba chake, nikapanda pikipiki. Nilishuka mjini pamoja na shemeji yangu Marwa, mdogo wa marehemu mume wangu, yeye akienda kuonyesha mguu wake hospitali, maana alikuwa amekanyagwa na ng'ombe na mguu umevimba mpaka kiatu hakiingii. Akasema akimaliza atakuja kunisubiri nje ya ukumbi.

Ukumbi ulikuwa Nyamisangura, ule wanaofanyia harusi. Walikuwa wamepanga viti vya plastiki mistari mitatu, vitano vitano, na kila kiti na kimeza chake, isipokuwa katikati ya mstari wa mbele plastiki ilikuwa imevunjika, wakaweka kiti cha mbao cha bwana harusi, chenye mto mwekundu na mahali pa kuegemea mikono. Nikaangalia kona ya nyuma. Palikuwa na kiti cha plastiki kimepinda mguu, na juu yake dari limetoboka. Nikaangalia ule mto. Nikasema moyoni, Bhoke binti Nyamhanga, wewe wa kukaa kona? Na mgongo huu? Nikaenda nikakaa mbele katikati kama mwenye shughuli. Mkitaka kujua aibu ilianzia wapi, ilianzia hapo, kwenye mto.

Watahiniwa wakaanza kuingia, kumi na wanne, wengi umri wa wajukuu zangu, na kila anayeingia ananiona, anapunguza mwendo, anasema shikamoo kwa unyenyekevu. Nikaitikia marahaba kumi na nne. Nyuma yangu akakaa binti mmoja wa Sirari anaitwa Wegesa, anatunza kompyuta za hospitali moja, na maneno yake yamechanganyika na ya ng'ambo ya mpaka. Akainama kwangu.

"Nyanya, si uniambie tu, wewe umetoka ofisi gani?"

Sasa hapo mtu mwenye akili angesema mimi ni yule asiyejua. Mimi nikageuza shingo taratibu, nikasema, "Mimi nimeitwa na wenyewe wanaotunga."

Sikudanganya. Ni kweli niliitwa. Lakini nilisikia mmoja akinong'ona, "Ndiye mtunzi mwenyewe," na mwingine akasema, "Nilijua tu, angalia kiti," na mimi (Mungu anisamehe) nikarekebisha kilemba.

Wanaotunga maswali hawaruhusiwi kukaa chumba cha mtihani, hiyo ni sheria yao, kwa hiyo Bhoke na wageni walikuwa chumba cha pili wakinywa chai. Msimamizi wa mtihani alitakiwa kutoka Musoma, asubuhi ile akapiga simu kwamba gari limeharibika, na Bhoke katika kuhangaika, bila kuwaza mara mbili, akamkimbilia mwalimu mmoja wa sekondari hapo hapo mjini, aliyezoea kusimamia mitihani, mkali, haruhusu hata kupiga chafya. Mwalimu Chacha. Mume wa Robi. Mkwe wangu.

Kwa asiyejua mambo yetu niseme kidogo. Kwetu mkwe wa kiume na mama mkwe hawakai chumba kimoja, hawapeani mkono, hawatazamani usoni. Nikipita njiani yeye anaingia kichakani. Robi ana watoto wanne na mimi sijui Chacha ana pua ya namna gani. Ndiyo heshima yenyewe, na Chacha pamoja na shahada yake anaishika kuliko wazee.

Basi akaingia na bahasha yake, hatua tatu, akaniona. Nilimwona akisimama kama ng'ombe aliyeona nyoka, nikateremsha kilemba usoni haraka, naye akageuka. Nikajua anawaza ninachowaza mimi. Yeye akiondoka hakuna mtihani, nikiondoka mimi hakuna asiyejua, na kwa vyovyote ni mtoto wetu Bhoke anayeumia. Akakohoa. Akarudi nyuma mpaka mlangoni, akampa Wegesa bahasha agawe, halafu akasimama kizingitini, ametupa mgongo sisi sote, uso nje.

"Watahiniwa," akasema akiutazama uwanja, ambako palikuwa na jogoo mmoja tu, "mna saa moja na nusu. Hakuna kuangaliziana. Hakuna kuzungumza."

Jogoo akaondoka. Sisi tukaanza.

Mimi nikafungua karatasi na kuanza kusoma namna ninavyojua kusoma. Nilijitahidi kunong'ona, lakini mnong'ono wangu nimeutumia miaka mingi kuita ndama, unafika mbali. "Swali la kwa-nza. Na-ka-la za a-ki-ba zi-hi-fa-dhi-we wa-pi. A, ndani ya seva ileile. Be, chumba kilekile. Che, mahali pengine mbali." Nikajiuliza, mtu mwenye ng'ombe arobaini anaweka wote zizi moja? Si unagawa, wengine kwa shemeji, wengine kwa rafiki kule Ringwani, wezi wakija wasikukaushe? Nikasema, "Che hiyo," nikaandika C kubwa, imejaa kisanduku na kutoka nje.

Swali jingine likauliza nani apewe neno la siri la kufungulia seva yote: wafanyakazi wote, wageni wa heshima, mwenye cheo kikubwa, au wale tu ambao kazi yao inalihitaji. Marehemu mume wangu alikufa hajui ufunguo wa ghala nilikuwa naficha wapi. Nikaandika D.

Mlangoni Chacha akakohoa. Nikasema vumbi la barabara hilo, maskini.

Mengine yalikuwa na alama alama, vimshale na nukta na vimistari, hayasomeki hata kwa sauti. Hapo nikawa nachagua jibu fupi kwa sababu wino wa kalamu ulikuwa hafifu. "Hili nalo A. Na hili A, tuendelee." Nyuma yangu nikasikia kifutio kinafanya kazi, kwrr kwrr, halafu mstari wote, halafu kama ukumbi mzima unajikuna. Nikadhani ndiyo utaratibu wao.

Swali la mwisho lilikuwa la kueleza. Nililisoma mara mbili nilielewe vizuri: mgeni asiyeruhusiwa ameingia kwenye seva unayoitunza, na ameanza kuhamisha faili kuzipeleka kwake. Eleza hatua kwa hatua utakachofanya. Hapo ndugu zangu nikasahau kwamba nimetumwa kufeli. Ameingia, anahamisha mali, anapeleka kwake, na mnaniuliza mimi wa Itiryo, wanakoiba ng'ombe kila mwaka, nitafanya nini? Nikaandika kwa herufi za maharage, nikijisomea kila neno:

"Kwanza nitapiga yowe. Majirani wakifika tutafuata nyayo kabla mvua haijanyesha. Wengine wazunguke mbele wazibe kivuko. Marwa abaki nyumbani, mguu wake mbovu. Tukizipata zirudishwe na kuhesabiwa upya."

Nikapiga mstari chini. Nikasikia na mistari mingine ikipigwa, kumi na nne.

Chacha alikuwa amekohoa mpaka nikamwonea huruma.

Baada ya chai tukaitwa tena ukumbini, sasa na wageni wote mbele. Mkubwa wao alikuwa mama mmoja mrefu wa Dodoma, Bi Asteria, ana sauti ya upole, na pembeni yake bwana mwenye miwani, Bwana Lusajo, ambaye tangu asubuhi alikuwa akiangalia saa kama mtu aliyeacha chungu motoni. Bhoke alikuwa amesimama ukutani ameshika karatasi za matokeo, na uso wake umekuwa wa kijivu. Mkwe wangu alikuwa palepale kizingitini, mgongo.

"Tumeona jambo," Bi Asteria akaanza. "Watahiniwa kumi na tano, wote wamepata kumi na moja kati ya ishirini. Kumi na moja zilezile. Kwa hiyo nikaona nisome majibu ya swali la mwisho."

Akachukua karatasi ya kwanza. "Kwanza nitapiga yowe." Wageni wakacheka kidogo, wakadhani ni mzaha wa mtu mmoja. Akachukua ya pili. "Kwanza nitapiga yowe. Majirani wakifika." Ya tatu. "Kwanza nitapiga yowe." Hakuna aliyecheka tena. Alipofika ya sita, na kila moja ina Marwa na mguu wake, akavua miwani yake ya kusomea.

"Naomba kuuliza. Marwa ni nani?"

Kijana wa nyuma akasema, "Ni seva, mheshimiwa."

"Seva ya wapi?"

"Ya... ile inayobaki."

Wegesa naye akaona aokoe jahazi. "Madam, mashine si huwa tunazipatia majina? Tulionelea ni ile ya akiba, ndiyo maana inabaki nyumbani. Na mguu mbovu tukajua ni waya wa mtandao haushiki."

"Kwa hiyo wote mnaifahamu hii Marwa."

"Ndiyo, madam."

Na hapo shemeji yangu, aliyekuwa amemaliza hospitali na kuketi nje chini ya dirisha, akaingiza kichwa dirishani, kichwa pamoja na mguu wenye bandeji aliounyanyua watu wauone.

"Nipo," akasema. "Nimesikia mnaniita mara sita. Mguu haujapona."

Mimi nilitamani sakafu ya ule ukumbi wa harusi inimeze na mto wake.

Bwana Lusajo akasimama. Hakupiga kelele, ingekuwa afadhali angepiga. Alisema huu ni udanganyifu wa ukumbi mzima, na msimamizi ameshiriki, kwa kuwa amesimama saa moja na nusu akitazama nje, na kwa maoni yake majaribio yafutwe leo, yahamishiwe Dodoma, na yule aliyeyaleta huku aeleze.

"Mwalimu, tafadhali geuka utueleze."

"Siwezi," mkwe wangu akajibu, akiuambia uwanja.

"Huwezi nini?"

"Kugeuka."

"Kwa sababu gani?"

Asingeweza kusema. Angesema angenitaja, na kunitaja mbele ya watu kwa jambo la aibu ni kubaya kuliko kufukuzwa kazi. Nikamwangalia Bhoke pale ukutani. Alikuwa halii. Alikuwa anazipanga zile karatasi, anazilinganisha pembe, anazipanga tena, kama zikikaa sawa mambo nayo yatakaa sawa.

Nikainuka kwenye kile kiti. Magoti yalilia.

"Mama, subiri zamu yako," Bwana Lusajo akasema.

"Zamu yangu ndiyo hii. Mimi ndiye asiyejua. Nililetwa hapa kwa kazi hiyo na nimelipwa kwa chai. Niliambiwa nikae kona ya nyuma, nikakaa mbele kwa ajili ya mto. Niliambiwa nisiongee, nikawafanya hawa watoto wadhani mimi ndiye niliyetunga. Nimesoma kwa sauti kwa sababu sijui kusoma kwingine. Na huyo mnayemwambia ageuke ni mkwe wangu, kwetu hanitazami, na kunikanya hawezi. Mkitaka ageuke, mimi nitoke kwanza."

Nikajifunika kilemba, nikatoka kwa mlango wa jikoni ili tusikutane, nikaenda kukaa na Marwa chini ya dirisha. Marwa akaniuliza, "Kwani nimefanya nini?" Nikamwambia anyamaze.

Tukasikia kila kitu. Mwalimu Chacha aligeuka, akaomba radhi, akawapa ile fomu ambayo msimamizi anaandika yanayotokea, na Bi Asteria akaisoma kwa sauti ile ya upole. "Saa nne na dakika tano: mtahiniwa wa mbele anasoma kwa sauti. Nimekohoa. Saa nne na dakika kumi na mbili: mtahiniwa wa mbele anataja majibu. Nimekohoa. Saa nne na nusu: nasikia vifutio. Nimekohoa sana. Saa tano kasoro: mtahiniwa wa mbele anaeleza kuhusu yowe. Sina la kufanya." Akasoma hivyo mpaka chini, ukurasa mzima wa kikohozi.

Halafu akamuuliza Wegesa kama majibu yake ya mwanzo alikuwa ameyajua. Wegesa akasema ndiyo, mengi alikuwa ameyaandika sawa, hata lile la mgeni aliyeingia alishaandika atatenga seva na mtandao, atabadilisha maneno ya siri, atakagua kumbukumbu.

"Kwa nini ulifuta?"

"Madam, niliona nyanya ameweka A. Nikajiuliza, mimi ni nani?"

Na wengine wakasema hivyo hivyo, mmoja mmoja. Hilo ndilo lililoniingia kule chini ya dirisha kuliko lile yowe. Watoto kumi na wanne wanaojua kazi yao walifuta wanachokijua kwa sababu kikongwe mmoja alikaa penye mto. Marwa akataka kucheka, nikamfinya ule mguu mzima.

Ikafuata kelele ya wageni wanabishana. Bwana Lusajo anasema kufuta, Bi Asteria anasema subiri. Na katikati nikasikia sauti ya mjukuu wangu, kwanza ndogo, halafu ikapanda. Akasema, "Jaribio limefanya kazi yake. Tulitaka kujua mtihani wa karatasi unaweza kutudanganya kiasi gani, sasa tunajua. Asiyejua amepata kumi na moja, na wanaojua wamepata kumi na moja. Tuitupe sehemu ya karatasi. Tuna mashine kumi na nne hapo chumbani nilizoziharibu mwenyewe jana kwa sehemu ya vitendo, kila moja kwa namna yake, hakuna wa kumwangalizia mwenzake. Wapeni mchana huu. Wakishindwa, nitafunga mizigo mwenyewe."

Wakawapa. Mimi nilikaa nje kwa hiari yangu, na mkwe wangu sasa akawa huru kuzunguka ndani na macho yote mawili, nikasikia akifoka, "Wewe, angalia kwako," kwa raha ya mtu aliyefunguliwa. Wa kwanza kuinua mkono alikuwa Wegesa. Kisha yule kijana wa nyuma aliyesema Marwa ni seva. Jua lilipoanza kushuka upande wa ziwa, mashine kumi na mbili kati ya zile kumi na nne zilikuwa zimepona, na Bwana Lusajo alikuwa ameacha kuangalia saa, amechuchumaa nyuma ya binti mmoja akitaka aonyeshwe amefanyaje. Hakuna aliyetaja tena Dodoma. Wakaandika palepale kwamba cheti chao kitakuwa cha mikono, sio cha karatasi, na kwamba Bhoke abaki kwenye kamati.

Bhoke akatoka nje, akaketi chini karibu nami. Nikaona mabega yanatikisika. Nikasema nimemliza mtoto. Kumbe anacheka, anacheka mpaka anashika tumbo, anasema, "Wazibe kivuko, Bibi? Kivuko?" Sikucheka. Mimi nilikuwa bado nina aibu yangu, ilikuwa haijaisha, na mpaka leo nikipita pale Nyamisangura vijana wananipisha njia na kuuliza hali ya Marwa.

Ndipo Bi Asteria akaja, ameshika daftari, akanipa shikamoo, akachuchumaa kabisa na sketi yake ya ofisini. Akasema awamu ijayo ya majaribio itakuwa Mugumu, mwezi ujao, na kwamba katika kazi yake yote hajapata kuona mtu asiyejua aliyewasaidia kuupima mtihani kama mimi, hivyo wangeomba niende, gari litakuja kunichukua nyumbani, na kiti nitachagua mwenyewe.

Nikamwambia, "Sitaki. Kutojua kwangu ni kwa matumizi ya nyumbani."

Akatabasamu, akamtazama Bhoke amsaidie. Bhoke akanishika mkono. "Bibi, huko Mugumu hakuna mkwe wako hata mmoja. Na karatasi haipo tena. Ni kukaa mbele ya mashine tu, dakika kumi, usiguse kitu, wakuone huwezi, basi. Kwa ajili yangu."

Nikasimama, nikakung'uta kitenge, nikamwinua Marwa na mguu wake, nikamwangalia huyu mtoto mwenye jina langu ambaye asubuhi nilikaribia kumharibia kila kitu kwa ajili ya mto mwekundu.

"Sitaki. Kutojua kwangu ni kwa matumizi ya nyumbani."